Mikono haidanganyi, sakafu inadanganya: jibu kwa fundi aliyeuliza kuhusu michoro ya kazi za nyumbani

Fundi mmoja wa cherehani kaniandikia hivi: "Mwalimu, kwenye simu nimekusanya zile picha za zamani za Ulaya za watu wakiwa kazini, huyu anashona, yule anamimina maziwa, mwingine anasokota uzi. Jamaa yangu mmoja anasema zile ndo kamera za enzi hizo, maisha yalikuwa hivyohivyo. Mwingine anasema acha kujidanganya, kila kitu mle ni fumbo, paka ana maana yake, ufagio una maana yake. Nimwamini nani? Na mbona watu wanashona sana lakini wanaofua siwaoni?"

Fundi, nitajibu kwa urefu kidogo manake hao jamaa zako kila mmoja kashika kipande chake na hataki kukiachia. Msimamo wangu mimi ni huu: amini mkono na kifaa, itilie shaka nyumba. Wachoraji wa aina hii waliangalia kazi kwa macho makali sana, kisu kinashikwaje, uzi unavutwaje, chombo kinainamishwaje, na hapo hata ukimbana vipi mchoraji ana jibu. Ila chumba kilichouzunguka ule mkono, nani yumo na nani katolewa, sakafu ni ya nini, pasafi kiasi gani, hapo alikuwa anapanga anavyotaka yeye na anavyotaka mtu atakayelipa.

Tuchukue yule mama wa maziwa wa Johannes Vermeer, mchoraji Mholanzi wa miaka ya 1600, bila shaka unaye kwenye simu. Mchoro uko Rijksmuseum, jumba la makumbusho pale Amsterdam, ulichorwa kati ya 1657 na 1660 hivi, na ni mdogo kuliko watu wanavyodhani, sentimita 45.5 kwa 41 basi. Ikuze picha uangalie mikono. Mmoja umeshika mpini wa jagi, mwingine umelibeba kwa chini, na maziwa yanashuka mchirizi mwembamba kabisa. Mtu anayemwaga tu ili amalize hamwagi hivyo, huyu anapima. Mezani kuna mikate, mingine imemegwa vipande, na hicho chombo anachomiminia ni chungu, ndo maana wataalamu kadhaa wanaona anapika chakula cha mkate mkavu na maziwa, kitu ambacho ukizidisha maziwa kimeharibika na ukipunguza kinakuwa kigumu. Halafu angalia ngozi yake, mikono yenyewe ni myekundu imeungua na jua na maji, lakini pale mikono ya nguo ilipopandishwa juu ngozi ni nyeupe. Huo ni mwili wa mtu anayefanya kazi kila siku, na mchoraji asiyemwangalia mtumishi asingeuona huo mpaka wa rangi.

Sasa hapohapo kuna mchezo. Ile aproni ya bluu imepakwa rangi iliyosagwa kutoka kwenye jiwe la lapis lazuli, lililokuwa likitoka Afghanistan huko na bei yake ilikuwa ya kutisha, yaani mtumishi wa jikoni kavalishwa rangi ambayo wachoraji wa zamani walikuwa wakiitunza kwa ajili ya joho la Bikira Maria. Na 2022 Rijksmuseum walitangaza kwamba wameupiga skani mchoro huu na chini ya rangi wamekuta vitu viwili ambavyo Vermeer alivianza halafu akavifunika. Kimoja ni ubao wa kutundikia majagi, nyuma ya kichwa cha yule mama. Cha pili ni kapu la moto, limesukwa kwa fito, lile linalowekewa makaa ndani kwa ajili ya kumpa joto mtoto mchanga na kukaushia nepi.

Hilo kapu linanipendeza kuliko vyote. Nyumba ya Vermeer ilijaa watoto, alipofariki 1675 aliacha 11, humohumo anaishi mama mkwe wake Maria Thins, na mtumishi wao Tanneke Everpoel jina lake tunalo mpaka leo kwenye hati za enzi hizo. Nepi zilikuwepo za kutosha, kelele zilikuwepo. Lakini mchoraji kaliangalia lile kapu, kaona linachafua picha, kalifuta, kabakiza ukuta mtupu wenye msumari mmoja na matundu ya misumari iliyong'olewa. Huo utulivu unaousikia ukiangalia picha ile umetengenezwa, ni kazi ya kutoa vitu kimoja kimoja. Pitia michoro yake yote watoto huwakuti, labda ule wa kichochoro cha Delft, mji wake, wapo wawili wamepiga magoti nje ya nyumba wanacheza na hata sura hawajaonyesha.

Kwa hiyo jamaa yako wa kamera anakosea, angalau nusu. Na kuna jambo jingine la kumwambia, zile sakafu za marumaru nyeusi na nyeupe kama ubao wa drafti unazoziona kwenye michoro mingi ya Uholanzi ya miaka ya 1600. Watafiti walipoenda kuchimba orodha za mali na mikataba ya ujenzi wakakuta nyumba za kawaida zilikuwa na sakafu za mbao, na marumaru ya namna ile ilikuwa nadra hata kwa wenye nazo, sana sana utaikuta kwenye ukumbi wa mbele wa tajiri. Wachoraji waliipenda kwa sababu ile miraba inasaidia kuonyesha kina cha chumba, na pia mnunuzi anajisikia mkubwa. Basi mtu anamuona binti anafagia juu ya marumaru anasema aah, kumbe Waholanzi waliishi hivi. Hapana bwana.

Pieter de Hooch, mchoraji mwingine wa Uholanzi, ndo bingwa wa hizo nyumba, ila ukimkuta nje kwenye ua mwamini. Baba yake alikuwa fundi mwashi na mama yake mkunga, na hebu uangalie ukuta wa matofali uliochorwa na mtoto wa mwashi, kila tofali lina rangi yake, chokaa imetoka hapa imebaki pale. Angalia ule ua wa Delft wa 1658 ulioko makumbusho ya National Gallery London, mtumishi kamshika mtoto mkono, ufagio umeangushwa chini na ndoo iko pembeni. Kuna wanaotafuta fumbo kwenye ule ufagio. Mimi naona mtu aliyeitwa na mtoto katikati ya kazi.

Haya, tuje kwa huyo wa mafumbo, naye asipuuzwe. Turudi kwa mama wa maziwa, chini sakafuni upande wa kulia kuna kisanduku cha mbao chenye matundu, hicho ndani unaweka kijungu cha makaa halafu unaweka miguu juu, sketi inafunika, joto linapanda. Mshairi Mholanzi Roemer Visscher kwenye kitabu chake cha mafumbo cha 1614 alikitania kisanduku hicho kwamba ndo kipenzi cha wanawake na mwanaume anayetaka kupendwa ajue anashindana nacho. Na vigae vya ukutani jirani yake, kimoja kina yule mungu mtoto wa mapenzi na upinde wake. Kwa hiyo ndiyo, kuna utani wa mapenzi umefichwa pale kwenye kona, na mnunuzi wa Delft angeuona na kucheka. Lakini umewekwa kwenye kona, na katikati ya picha mtu anapima maziwa, na jiko lilikuwa baridi kweli na miguu ilihitaji joto kweli, fumbo na kitu halisi vinakaa pamoja bila ugomvi.

Ukitaka fumbo lisilo na aibu nenda kwa Mholanzi mwingine, Nicolaes Maes, mchoro wa 1655 wa mtumishi aliyelala, nao uko National Gallery London. Kajiegemeza kichwa mkononi, vyombo vichafu vimerundikana chini mbele yake, nyuma yake paka anaondoka na kuku aliyekwisha nyonyolewa, na bosi wake mwanamke kasimama katikati, mkono kaunyoosha kumwonyesha mtumishi, anatuangalia sisi huku anatabasamu kama anasema mnaniona ninachokipata? Hapo mchoraji anahubiri, hana hata haja ya kujificha. Ila hata pale ukiniuliza vile vyombo vinaoshwaje na vimekaaje nitakwambia ni kweli tupu, sufuria limewekwa namna mtu aliyechoka anavyoliweka. Na mimi siku zote namuuliza yule bosi swali ambalo mchoraji hakuuliza, huyu binti aliamka saa ngapi?

Mfano mkali kuliko wote kwa upande wa huyo jamaa yako wa mafumbo uko Hispania, na nadhani kama fundi utaupenda. Mchoraji wa huko, Velázquez, kachora mwishoni mwa miaka ya 1650 hivi mchoro mkubwa wa wanawake wanaosokota uzi, uko makumbusho ya Prado, Madrid. Mbele wapo watano: bibi mwenye shela kichwani yuko kwenye gurudumu la kusokotea, mmoja anavuta pazia, wa katikati kainama na sufu, wa kulia katupa mgongo anazungusha uzi kuwa donge na msaidizi wake pembeni. Kwa zaidi ya miaka 200 watu waliuchukulia kuwa ni kiwanda tu cha mazulia ya ukutani pale Madrid, kazi za watu, basi. Ilipofika 1948 ndo ikatoka hati ya mali za Pedro de Arce, aliyekuwa na mchoro huo, ya 1664, imeandikwa kabisa kwamba mchoro huo ni hadithi ya Arakne, yule binti fundi wa kufuma aliyejigamba kwamba anamshinda mungu wa kike Athena, wakashindana, mwisho wake akageuzwa buibui. Ukijua hivyo unarudi kuangalia, yule bibi wa kwenye gurudumu mguu wake ni wa msichana! Athena ndo huyo kajigeuza mzee. Na lile zulia kwenye chumba cha nyuma kumbe ni kazi ya Arakne mwenyewe, Velázquez kaiga mchoro wa Europa wa Tiziano, mchoraji wa Italia, akaufanya uwe kazi ya kufuma ya binti huyo.

Lakini fundi sikiliza, hata baada ya hayo yote, gurudumu ni gurudumu. Limezunguka kwa kasi mpaka fito zake hazionekani, unaona mng'ao tu wa duara, na hiyo ni karibu karne mbili kabla kamera haijakuwepo. Mtu alikaa akaangalia gurudumu linalozunguka akajiuliza jicho langu linaona nini hasa, akachora hicho badala ya kuhesabu fito. Mungu wa kike kwenye ule mchoro unaweza ukamkataa. Gurudumu huwezi.

Tuje kwenye cherehani yako sasa, ingawa wakati ule cherehani hamna, ni sindano na vidole. Quiringh van Brekelenkam alifanyia kazi Leiden, mji uliokuwa unaishi kwa nguo za sufu, na kachora duka la fundi nguo mara kadhaa, moja ni la 1661 lipo Rijksmuseum. Fundi na vijana wake wawili wamekaa juu ya meza, miguu wameikunja, dirishani kabisa. Watu huwa wanacheka wanadhani ni pozi. Si pozi hata kidogo, juu ya meza mwanga unakupata vizuri, kitambaa hakigusi vumbi la chini, na goti linakuwa kama kiwiko cha tatu cha kushikilia nguo. Halafu angalia michoro yako yote uliyokusanya, dirisha karibu kila mara liko kushoto. Mshonaji anayetumia mkono wa kulia akipata mwanga kutoka kushoto kivuli cha mkono hakiangukii kwenye mshono, na mchoraji naye alihitaji hivyohivyo kwa brashi yake, kwa hiyo hapo mahitaji ya mafundi wawili yamekutana kwenye dirisha moja.

Msuka lesi wa Vermeer, wa makumbusho ya Louvre, Paris, 1669 au 1670 hivi, ni kati ya michoro yake midogo kabisa, sentimita 24.5 kwa 21, unaweza kuufunika kwa karatasi ya daftari. Kainama, vidole vimeshika vile vijiti vinavyozungushiwa uzi, pini zimechomekwa kwenye mto, na uzi kati ya vidole ni mstari mmoja mkali mno. Afu mbele, kwenye ule mto mwingine wa bluu, nyuzi nyekundu na nyeupe zimetoka nje na ukizikuza unakuta sio nyuzi, ni rangi imemwagika, imetiririka. Kwa nini kafanya vile? Wewe unajua jibu kuliko mimi. Ukikazia macho tundu la sindano, kila kilicho mbele zaidi kinakuwa ukungu. Vermeer hakumchora mtu anayesuka lesi tu, kachora na macho yake. Hapo namwamini asilimia mia. Pale nisipomwamini ni kwenye kola nzuri na nywele zilizosukwa vizuri, huyu ni mtu wa nafasi anafanya kazi ya mkono nyumbani ili aonekane ana maadili, wakati lesi ya kuuza ilikuwa inatoka sana kwenye vidole vya wanawake na wasichana maskini, na hao hawajapata wa kuwachora hivyo.

Nikiwa hapohapo niseme kuhusu nani alikuwa ananunua, manake ndo ufunguo wa swali lako la kufua. 1696 Amsterdam walipiga mnada michoro 21 ya Vermeer, mama wa maziwa akaenda kwa gilda 175, pesa ya Uholanzi ya enzi hizo, uliompita ni mmoja tu, ule wa mandhari ya Delft kwa 200. Msuka lesi 28. Aliyekuwa na gilda 175 za kuweka ukutani hakuwa mtumishi. Mtumishi alichorwa, ila mchoro ulikaa sebuleni kwa bosi, na bosi anachotaka kuona kila asubuhi ni nyumba inayoendeshwa vizuri.

Sasa kufua. Kufua kwa wakati ule kulikuwa ni mapipa, maji ya kuchemsha, maji ya majivu yanayokula ngozi, mvuke, kukamua, mgongo. Nguo za kitani zilivyokuwa zinatengenezwa nyeupe pale Haarlem zililoweshwa kwenye maji ya majivu, zikatiwa kwenye maziwa yaliyochachuka, zikatandazwa juu ya majani kwa wiki nyingi zikinyeshewa na kupigwa jua. Hayo mashamba ya kuanikia yamechorwa, Jacob van Ruisdael kayachora mara nyingi, ila tazama yalivyochorwa: michirizi meupe mbali kule chini ya anga kubwa, na wafanyakazi ni vidoadoa. Ukiwa na pesa unakuwa na mashuka mengi hata ukifua mara chache kwa mwaka huishiwi, kwa hiyo kitu cha kujivunia ni kabati. De Hooch 1663 kachora hasa hilo, wanawake wawili wamesimama kwenye kabati wanapanga mashuka yaliyokunjwa, mtoto anacheza na fimbo na mpira karibu na mlango. Kufua kumeshaisha. Jasho limebaki nje ya picha, tunaonyeshwa matokeo.

Wafuaji wenyewe walikuja kupata nafasi baadaye, tena Ufaransa. Chardin kachora mfuaji miaka ya 1730, bado mpole. Daumier miaka ya 1860 kachora mama anapanda ngazi kutoka mtoni Paris na mzigo wa nguo huku kamshika mtoto mdogo mkono, na uso wake ni kama giza. Degas kachora wapiga pasi, ule wa makumbusho ya Orsay, Paris, wa miaka ya 1880 mmoja kaikandamiza pasi kwa mikono miwili na uzito wote wa mwili, mwenzake kapiga mwayo mdomo wazi, chupa mkononi. Mnunuzi wa Delft wa miaka ya 1660 asingeuweka ule mwayo sebuleni kwake, labda kama kuna paka anaiba kuku ili apate cha kukemea.

Na wanaume wasisahaulike. Mfaransa Gustave Caillebotte 1875 kachora mafundi watatu wamepiga magoti wanakwangua sakafu ya mbao, vifua wazi. Walioandaa maonyesho rasmi ya Paris waliukataa, akauonyesha mwaka uliofuata na wenzake. Kazi yenyewe unaweza ukajifunzia pale: mistari ya mbao, mingine bado ina vanishi nyeusi inang'aa, mingine imeshapigwa randa imekuwa ya rangi hafifu, vinyolea vimejikunja sakafuni, tupa na nyundo ziko karibu na mkono. Unajua kabisa wameanzia wapi na wanaelekea wapi. Caillebotte alikuwa mtoto wa tajiri, na huenda sakafu yenyewe ilikuwa ya kwao, lakini vile vinyolea hajavitunga.

Nikushauri utazame vipi. Weka kidole gumba juu ya uso wa mtu kwenye skrini, uzibe, ubaki na mikono tu na kilichomo mikononi, ujiulize kazi imefika hatua gani na hatua inayofuata ni ipi. Ukijibu, ndo utoe kidole uanze kuuliza mambo ya paka na marumaru. Rijksmuseum wanaruhusu kupakua picha kubwa bure kwenye tovuti yao, kubwa kiasi kwamba unaona nyufa za rangi, kwa hiyo anza na ule wa Brekelenkam wa 1661 na uniandikie wale vijana wawili wanashona kipande gani cha nguo na wameshika sindano sawasawa au la, manake hapo mimi naona vijana wawili na kitambaa tu.